Maswali na Majibu: Asteroidi Hazina Bahati Nasibu

Barua nyingi safari hii zinahusu watu wa kawaida wanaowasaidia wanaastronomia kutafuta asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua na ambayo ni madogo kuliko sayari. Zilizouliza "ni kweli hiyo kitu?" bila kusema kitu gani, nimeziweka kando.

Mwalimu shikamoo. Nipo kidato cha tano hapa Kasulu. Sina darubini, nina simu tu. Naweza kushiriki?

Marahaba. Darubini wanazo wao, wanachotafuta ni macho. Fungua tovuti ya Zooniverse, tafuta mradi wa Daily Minor Planet. Picha zake zinatoka kwenye darubini ya mita 1.5 iliyoko Mlima Lemmon, Arizona. Utaonyeshwa picha nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Nyota zimetulia, asteroidi inahama. Kompyuta imeshaweka alama kwenye nukta inayoitilia shaka, wewe unasema ni ya kweli au si ya kweli. Simu inatosha, ingawa kioo kikubwa kinasaidia. Soma mafunzo ya mwanzo kabla hujagusa kitu. Najua mnavyobonyeza "nakubali" kwenye mikopo ya simu.

Nikigundua moja nalipwa shilingi ngapi? (Ujiji)

Hata senti. Na wewe unayeuliza kila mwezi kwa namba tofauti, mwandiko wako naujua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Kibondo. Kuna kijana amekuja shuleni anasema kila mwanafunzi atoe 15,000 ili aingizwe kwenye kampeni ya kutafuta asteroidi na kupewa cheti. Tumkubalie?

Msindikize mpaka getini, mwalimu, na hakikisha ameondoka kweli.

Kampeni hizo zipo na ni za bure. Zinaendeshwa na IASC (International Astronomical Search Collaboration), mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na Patrick Miller wa Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas. Shule inaunda timu, inajisajili yenyewe, inatumiwa picha za darubini za Pan-STARRS zilizoko juu ya Haleakalā, Hawaii. Mnazichambua kwa programu ya Astrometrica, inayotumia Windows, kwa hiyo ile kompyuta ya ofisi ya taaluma inatosha. Gharama yenu ni bando la kupakua picha, basi. Wazazi wa Kibondo hawajapata mahindi ya kuuza ili mtu ajinunulie pikipiki kwa jina la sayansi.

Sasa hicho cheti, maana ndicho kinachowapofusha watu. Timu ikituma nukta inayoonekana kuwa mpya, hapo kuna ugunduzi wa awali tu. Lazima darubini nyingine iione tena, ndipo Minor Planet Center, kituo kinachotunza orodha ya asteroidi za dunia nzima kule Cambridge, Massachusetts, wanaipa utambulisho wa muda. Mfano ni 2024 YR4: 2024 ni mwaka iliyoonekana, na Y inaeleza kuwa ilionekana nusu ya pili ya Desemba. Baada ya hapo inafuatiliwa miaka, mara nyingi mingi, hadi njia yake kuzunguka Jua ijulikane vizuri, ndipo inapewa namba ya kudumu. Sisi huku cheti cha hatua ya kwanza kikifika tu, kesho yake mnasoma "Mwanafunzi agundua sayari".

Tamaa hiyo inaharibu kazi. Nimeona timu zikiweka alama kwenye kila doa ili zisikose. Asteroidi ya kweli inaonekana picha hadi picha, inakwenda mstari ulionyooka kwa mwendo uleule, na mng'ao wake haurukiruki. Doa linalotokea picha moja na kupotea mara nyingi ni chembe kutoka angani iliyogonga kamera. Kulikataa ni kazi halali kabisa. Wanafunzi wako wakipitia seti nzima na kuandika "hakuna", wamefanya walichoombwa. Wapongeze kwa hilo mbele ya shule. Nasubiri kumwona mkuu wa shule atakayefanya hivyo.

Kompyuta si zinafanya yote siku hizi? Watu wa nini? (Urambo)

Zilifundishwa na nani? Mwaka 2019 ulianza mradi wa kutafuta michirizi ya asteroidi kwenye picha za zamani za darubini ya Hubble. Watu 11,482 walijitolea, na majibu yao ndiyo yaliyoifundisha kompyuta kupitia picha zaidi ya 37,000. Ikapatikana michirizi 1,701, na 1,031 kati yake haikulingana na asteroidi yoyote iliyokuwa kwenye orodha. Lakini una hoja: mwaka 2025 darubini ya Rubin kule Chile ilitangaza asteroidi mpya 2,104 kutokana na saa kama 10 tu za kupiga picha. Asteroidi zilizo rahisi kupatikana zitachukuliwa na mashine. Zitabaki zile zenye utata, na hizo ndizo zinazohitaji mtu asiye na haraka.

Naweza kuipa asteroidi jina la mama yangu? (Mwanga, Kigoma mjini)

Ikishapata namba na wewe ukatambuliwa kuwa mgunduzi, unapendekeza. Jina lisizidi herufi 16, lisiwe tusi, wala lisiwe tangazo la biashara. Wanasiasa na wanajeshi husubiri miaka 100 baada ya kufa, kwa hiyo mwambie diwani wako atulie. Anayekuuzia jina la asteroidi au la nyota mtandaoni anakuuzia karatasi.

Kaka, mimi mvuvi wa Kibirizi. Usiku ziwani niliona nyota inatembea taratibu, halafu ikazimika ghafla katikati ya anga. Ni asteroidi?

Hiyo ni setelaiti, ndugu yangu. Ilizimika kwa sababu iliingia kwenye kivuli cha Dunia. Asteroidi pekee inayofikia kuonekana kwa macho matupu mara kwa mara ni Vesta, na hata hiyo huwezi kuiona ikitembea, mpaka ulinganishe usiku na usiku. Ila giza mlilonalo huko mbele taa zikizimwa, watu wa mjini hawalipati. Na kama ninyi mnavyopumzika kuvua dagaa wakati wa mbalamwezi, wawinda asteroidi nao mwezi mpevu unawaharibia kazi.

Dunia itagongwa lini? (Barua nyingi mno)

Mwaka 2032 haigongwi na 2024 YR4. Ilifika uwezekano wa takribani asilimia 3 mwezi Februari 2025, kisha vipimo vipya vikaufuta. Waliowatumia ile sauti ya WhatsApp hawakuwatumia marekebisho. Apophis, asteroidi nyingine inayotajwa sana, nayo haitugongi 2029. Itapita kama kilomita 32,000 juu yetu usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili kuamkia Jumamosi, na Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako itaonekana kwa macho. Itakuwa karibu zaidi yapata saa saba kasorobo usiku kwa saa zetu. Aprili huku ni mvua, kwa hiyo kukiwa na mawingu msiniandikie mimi.