Re: Mtoto kapandishwa la tatu, kusoma hajui

Habari mama. Umeuliza ufanyeje, kijana kapandishwa darasa la tatu hapo Moshi na kusoma bado.

Kwanza mpe kitabu cha darasa la pili asome kwa sauti. Funika picha, mnyooshee kidole maneno ya katikati ya ukurasa, maana wengi wanakariri ukurasa mzima na mzazi anadanganyika. Akikwama kwenye "mbwa" au "ng'ombe", shida ni silabi, sio uvivu, tafadhali usimchape.

Beba daftari zake kwa mwalimu wa darasa, omba arudie la pili mapema, Januari hiihii. Wakikataa, mwone afisa elimu kata. Usingoje upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa darasa la nne: asiyefaulu pale hurudia darasa, na silabi hakuna atakayemfundisha tena.