Supa Ova ikiisha sare kwenye Kombe la Dunia la kriketi la T20 (ova 20 kila timu)

Supa Ova ni ova moja ya ziada kwa kila timu, ya kuamua mechi iliyoisha sare. Nayo ikiisha sare, je, bado mshindi ni aliyepiga nne na sita nyingi (mipira iliyofika au kuvuka mpaka wa uwanja)? Hapana, hawahesabu tena hizo. Inachezwa Supa Ova nyingine, na nyingine, mpaka apatikane mshindi. ICC, shirikisho la kriketi duniani, iliifuta kanuni ya kuhesabu nne na sita Oktoba 2019, miezi mitatu tu baada ya kanuni hiyo kuamua fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Lord's, London (ile ya ova 50, msichanganye).

Kila timu hupewa mipira 6, na wiketi 2 zikianguka (wapigaji wawili wakitolewa) zamu imekwisha. Timu iliyopiga ya pili kwenye mechi ndiyo inayotangulia kupiga, ndiyo maana Marekani walianza dhidi ya Pakistan kule Dallas 2024 baada ya sare ya mikimbio (alama) 159. Wakapata 18, Pakistan wakaishia 13. Waidi (mipira iliyorushwa mbali mno na mpigaji) ziliwagharimu sana Pakistan pale: kila moja ni mkimbio wa bure, mpira unarudiwa, na wapigaji bado wanaruhusiwa kukimbia.

Supa Ova ikirudiwa, mrushaji wa ova iliyotangulia haruhusiwi kurusha, na mpigaji aliyetolewa harudi. Ila mvua ikizuia Supa Ova hatua ya makundi, matokeo hubaki sare na pointi zinagawanywa.