Muulize Fundi: Je, udi wangu utavuka forodha?

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mimi ni mpiga udi hapa Malindi. Kikundi chetu kimealikwa kupiga taarabu Ujerumani. Udi wangu nimeurithi kwa mjomba, na ubao wa shingoni ni mweusi tititi, wenyewe wasema ni mpingo. Rafiki yangu kaniambia mpingo umepigwa marufuku duniani na nitanyang'anywa uwanja wa ndege. Pia mwenyeji wetu kule anataka nimuuzie zumari mbili. Nifanyeje?
*Mpiga Udi, Malindi*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Panda ndege na udi wako. Rafiki yako hakukudanganya, ila habari aliyonayo imechacha.

Mwaka 2016 nchi zilizo katika CITES, mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Johannesburg, zikaamua ukoo mzima wa mpingo, yaani Dalbergia, uingie Orodha ya Pili, ile ya vitu vinavyovuka mpaka kwa kibali. Amri ilianza tarehe 2 Januari 2017. Chanzo hakikuwa udi wala zumari. Ni samani: misitu ya Asia na Afrika ilikuwa ikifyekwa ili Uchina wapate vitanda na viti vya mbao nyekundu. Lakini mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Anayeuza klarineti moja nje ya nchi akajikuta anaulizwa kibali sawa na mwenye kontena la magogo. Mwaka 2018 mteja wangu mmoja alizuiliwa zumari zake nje huko mpaka harusi aliyoitiwa ikapita. Zilirudi baadaye, na ulimi wa moja umevunjika.

Wanamuziki na mafundi wa ala wakapiga kelele, na kwa mara moja wakasikizwa. Mkutano wa Geneva wa 2019 ulilegeza kamba, na tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala iliyokamilika, pamoja na vipande vyake vilivyokamilika, haidaiwi kibali cha CITES kwa ajili ya mbao hizo. Hata ikiwa ubao wako si mpingo wa kwetu bali ni ule mti mweusi wa Madagaska, ulioingizwa kwenye orodha mwaka 2013, kinachobanwa ni magogo, mbao na vinia (zile mbao nyembamba za kubandika), si udi mzima.

Zumari nazo uza, mradi ziwe zumari kweli: zimetobolewa, zinalia. Usichukue vipande vilivyokerezwa nusu ukidhani utavimalizia kule. Kipande kisicho na tundu, mbele ya afisa wa forodha, ni mbao, na mbao ya mpingo haivuki mpaka bila kibali. Hapa Kenya mambo ya CITES yako kwa KWS, shirika la wanyamapori.

Sasa nami nikuulize: risha yako, hiyo ya kupigia nyuzi, imetengenezwa kwa nini? Maana mbao hazinitii wasiwasi, nachelea hivyo vidude vidogo. Wazee wetu wa pwani walipenda risha ya gamba la kasa aitwaye ng'amba. Inapinda bila kuvunjika, na haikwaruzi waya. Basi itoe mfukoni uishike mbele ya taa. Ikiwa rangi ni ya asali, na madoa ya kahawia yanayeyukia pembeni kama wino kwenye karatasi iliyolowa, hiyo ni gamba. Plastiki ya kuiga madoa yake yana kingo. Ng'amba yuko Orodha ya Kwanza, ile ya visivyoruhusiwa kufanyiwa biashara, hata risha moja inatosha kukuharibia safari. Usipande nayo ndege, usimwuzie mtu, na wapelekee KWS wenyewe, kwani hata kukaa nayo nyumbani ni kosa kama huna kibali. Kata nyingine kwenye ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya za umeme. Usicheke, wapigaji wakubwa wanaitumia. Pembe la ng'ombe nalo halina kesi.

Kisha tazama kile kipande cheupe juu ya shingo, nyuzi zinapokanyaga kabla ya kufika vigingini. Udi wa zamani huenda ukawa na pembe ya ndovu. Tumia kioo cha kukuzia. Ukiona vitundu vidogo vyeusi, ni mfupa, tulia. Ukiona upande uliokatwa una mistari inayopishana kama wavu, ni pembe ya ndovu, na hapo usisafiri kabla hatujaonana. Nitakuwekea mfupa, na hicho cha zamani tutakikabidhi KWS pamoja. (Siwa ya Pate, lile baragumu la pembe ya ndovu, ingealikwa Ulaya leo, makaratasi yake yangekuwa marefu kuliko yenyewe.)

Mwisho, chukua barua ya fundi inayotaja kila mbao iliyo katika udi wako, na picha za mbele na nyuma. Sheria haikudai, lakini afisa aliyechoka saa tisa za usiku hupenda karatasi yenye mhuri.

SWALI: Mtaliano mmoja alipohama hapa aliniachia gitaa la miaka mingi. Ndani kuna karatasi imeandikwa kuwa mgongo ni "jacarandá" ya Brazili. Nataka kuliuza nje.
*Msomaji, Malindi*

JIBU: Hapo simama. Huo ni Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo, lakini uko Orodha ya Kwanza tangu 1992, na msamaha wa 2019 haukuugusa. Kuna cheti cha ala ya muziki kinachodumu mpaka miaka mitatu, ila ni cha kusafiri na gitaa lako na kurudi nalo, si cha kuuzia. Nenda KWS kabla hujaweka tangazo lolote. Au lipige hapahapa, Malindi haikosi harusi.

SWALI: Fundi, najifunza kuchonga zumari. Mpingo ni ghali na adimu. Nitumie mti gani? Nasikia hata mbambakofi umepigwa marufuku.
*Mwanafunzi, Langoni, Lamu*

JIBU: Mbambakofi haujapigwa marufuku. Baada ya mkutano wa Panama wa 2022 uliingia Orodha ya Pili, maana yake magogo na mbao zake zikivuka mpaka zinataka kibali. Mlango wako wa Lamu uliopo Lamu haumhusu mtu. Kwa zumari lakini haukufai, vinyweleo vyake viko wazi na pumzi inapotea.

Jaribu kiini cha mkwaju wa zamani. Kizito, cheusi kiasi, na sauti yake ni nene kidogo kuliko ya mpingo. Kwa ngoma ya vugo harusini mimi naipenda hiyo. Mwarobaini umejaa kila uwanja, na wachonga vinyago wanaupenda, lakini zumari yake mpigaji ataionja mpaka kesho. Ngoma chonga kwa mwembe.

Na mpingo usiuache kabisa. Wako wanaosema mti ukilindwa usiguswe. Siafikiani nao. Kule Kilwa, Tanzania, vijiji vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa kwa utunzaji, kwa misitu yao wenyewe, na mpingo wao ukauzwa kwa kutengenezea ala. Mwanakijiji anayepata fedha kwa mti ulio hai hana haja ya kuuchoma makaa. Wewe nunua kwa mtu mwenye risiti na kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, cha kusafirishia mbao. Asiye navyo, hata akikupa nusu ya bei, mwache.

Ukipata kipande chako, kipake nta ncha zote mbili siku hiyohiyo kabla hujakiweka stoo. Mpingo huanza kupasuka nchani.