Ganzi ya vidole na maumivu ya shingo kwa anayefanyia kazi meza ya chakula

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninapanga safari za watalii katika kampuni moja ya hapa Arusha, na tangu mwaka jana tumeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Ninatumia kompyuta mpakato juu ya meza ya chakula, nimekalia kiti cha plastiki, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na simu za wateja ni nyingi. Shingo inauma upande wa kulia hadi begani, kiuno kinachoka kabla ya saa nane mchana, na sasa kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Mama mkwe anasema ni baridi ya Arusha. Mwenzangu ananishauri ninunue kiti cha ofisi na mkanda wa kunyoosha mgongo. Nianze na kipi? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Marahaba. Kabla ya kiti na mkanda nitaanza na vidole, kwa sababu viwili ulivyovitaja vinaeleza mengi. Ganzi inayosemwa zaidi kwa watu wa kompyuta ni ile ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, ambayo hutokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Ya kwako inaelekea kwingine. Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupata hisia kupitia mshipa mwingine, unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale ambapo mtu akijigonga husikia mkono mzima umepigwa na umeme. Mahali hapo mshipa umelala juu ya mfupa, hauna nyama ya kuukinga, na kila unapokunja kiwiko unavutwa na nafasi yake inapungua. Sasa jitazame unapoongea na mteja: kiwiko kimeegemea ukingo wa meza, mkono umekunjwa kushika simu sikioni, na pengine usiku unalala na mkono huohuo umeukunja chini ya mto.

Kwa hiyo ununuzi wangu wa kwanza ungekuwa hedifoni zenye maiki, hata za bei ya kawaida, ili simu itoke mkononi na usiwe na sababu ya kuibana kati ya sikio na bega unapoandika. Nashuku tabia hiyo ya kubana simu ndiyo inayoeleza kwa nini shingo inauma upande mmoja. Usiku zungushia kiwiko taulo, lisikaze sana, ili mkono usikunjike sana ukiwa usingizini. Shingo nayo inaweza kuleta ganzi ya vidole hivyo hivyo, na ndiyo maana ganzi isiyopungua baada ya wiki chache za mabadiliko haya inahitaji kupimwa ana kwa ana.

Sasa meza. Meza nyingi za chakula zinazotengenezwa na mafundi wetu zina urefu wa sentimita 75 hivi, ambao unafaa kwa kula, lakini kwa kuandika ni mkubwa kwa watu wengi. Chukua futi ya fundi cherehani, kaa kwenye kiti chako, acha mikono ining'inie, kunja viwiko kiasi cha pembe mraba bila kuinua mabega, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Tuseme imesomeka sentimita 66 na meza yako ni 76. Hizo 10 zinazobaki ndizo ambazo mabega yako yanazipandia tangu asubuhi hadi jioni, na misuli inayoyainua ni ile ile inayotoka shingoni.

Meza huwezi kuikata miguu, maana familia inakula hapo, basi panda wewe. Weka mto mgumu juu ya kiti, wa sponji nzito usiobonyea ukafika chini, mpaka kiwiko kilingane na meza. Hapo miguu itaanza kuning'inia, na ukingo wa kiti utabana mapaja kwa chini, jambo ambalo watu hulisahau wakafikiri mto ndio mbaya. Ingiza kitu chini ya miguu kwa kiasi kile kile ulichojiinua. Rimu moja ya karatasi ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo rimu mbili zilizofungwa vizuri kwa utepe wa gundi zinatosha kwa mfano wangu. Nyayo zikae zote, na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo.

Kompyuta mpakato ina kasoro ambayo hakuna kiti kinachoweza kuitibu: kioo na kibodi vimefungwa pamoja. Ukikiweka kioo mahali panapofaa macho, mikono inapaa, na ukiweka kibodi mahali panapofaa mikono, shingo inainama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kadiri kinavyotangulia mbele ya mabega ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyolazimika kukivuta kwa nguvu zaidi. Dawa ni kuvitenganisha. Nunua kibodi ya pembeni na kipanya, kisha inua kompyuta kwa sanduku au vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufikie usawa wa macho au chini yake kidogo, ikiwa mbali nawe kiasi cha mkono ulionyooshwa. Anayevaa miwani ya kusomea kwa sehemu ya chini ashushe kioo zaidi, la sivyo atakuwa anainua kidevu siku nzima. Ukipata kibodi fupi isiyo na safu ya namba upande wa kulia, ichukue, kwa kuwa safu hiyo husukuma kipanya mbali na bega likabaki limenyooshwa nje. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa mgongoni, jua linang'aa kwenye kioo nawe unajipinda kulikwepa.

Kuhusu kiuno, nafahamu umeshaambiwa ukae wima kama askari wa gwaride. Sikubaliani sana na ushauri huo. Katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999 na Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, ambapo kipima shinikizo kiliwekwa ndani ya diski ya mgongo (kile kijimto kilicho kati ya pingili mbili) ya mtu aliye hai, shinikizo wakati mtu huyo amekaa kwa kulegea halikuzidi lile la kusimama. Kukaa kwa kulegea hakuvunji mgongo. Kinachouchosha ni kukaa vile vile, hata kama ni vizuri, saa tatu mfululizo. Egemea, jisogeze, na kila nusu saa hivi inuka. Kazi yako inakupa nafasi nzuri kuliko wengi: kila simu ya mteja ipokelee umesimama, utembee hadi barazani na kurudi.

Mama mkwe mpe heshima yake, kwani ana ukweli kidogo. Baridi ya Juni na Julai humfanya mtu ajikunyate na kuinua mabega, na misuli iliyokaza huuma zaidi, kwa hiyo fulana nzito au kitenge begani kinasaidia. Lakini baridi haichagui vidole viwili vya mkono mmoja.

Mkanda uache. Utakukumbusha kunyooka kwa siku chache, kisha utauzoea, na misuli haitakuwa imepata nguvu yoyote. Kiti cha ofisi kinachopanda na kushuka ni kitu kizuri, nami ningekiweka mwisho, baada ya hedifoni, kibodi na mto, kwa sababu vitu hivyo vitatu vinagusa chanzo kwa fedha kidogo.

Nenda hospitali mapema, pasipo kungoja majaribio haya, ikiwa ganzi imekuwa ya kudumu, vitu vinakuponyoka mkononi, au nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada inaonekana kubonyea. Nenda siku hiyo hiyo ikiwa miguu imepoteza nguvu, kuna ganzi kati ya mapaja, au umeshindwa kuzuia mkojo. Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ipo katika hospitali ya KCMC hapa Moshi, na kwa Arusha anzia hospitali yako ya kawaida ukaombe rufaa. Ukifika, usiseme tu kwamba mkono unauma: taja ni vidole vipi, ganzi huja saa ngapi, na kama hupungua unaponyoosha kiwiko.