Maswali na majibu: Kuwania tuzo za viongozi wapya wa utafiti wa kinga ya mwili

Wataalamu, hamjambo. Nilipata uzamivu 2017, kisha nikajifungua mara mbili. Tangazo linataka wasiozidi miaka saba tangu uzamivu. Nimeshachelewa? (Kisumu)

Hongera kwa watoto, dada. Huenda hujachelewa. Angalia kwanza miaka inahesabiwa kuanzia wapi: siku ya kutetea tasnifu au tarehe ya cheti, maana kati ya hizo mbili kunaweza kupita miezi mingi. Kisha tafuta kifungu cha nyongeza. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa mfano, limekuwa likimwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto, hata kama likizo yenyewe ilikuwa fupi kama ile ya miezi mitatu ya sheria ya Kenya. Kila mfadhili ana kanuni yake, kwa hiyo uliza kwa barua pepe kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. Nyongeza idai kwenye sehemu yake ya fomu na uambatishe vyeti vya kuzaliwa. Ukiieleza ndani ya barua ya maombi, anayechuja anaweza asiione.

Nina wanafunzi watatu wa uzamili, lakini msimamizi wangu wa zamani ndiye mwandishi wa mwisho katika makala zangu zote. Nitahesabiwa kiongozi wa kikundi? (Kakamega)

Kwa hali hiyo, vigumu. Katika sayansi ya tiba, jina la mwisho husomwa kuwa la mwenye maabara. Waamuzi wanatafuta ushahidi kwamba swali ni lako: fedha zilizotolewa kwa jina lako, idhini ya maadili uliyoiomba mwenyewe, na angalau makala moja asiyokuwemo msimamizi. Hiyo makala itoe kwanza, ndipo uombe.

Halafu chora mpaka waziwazi. Mfano: "Yeye alipima kingamwili za malaria kwa watoto. Mimi nachunguza jinsi malaria ya mara kwa mara inavyodhoofisha chembe T (aina ya chembe nyeupe za kinga) zinazodhibiti virusi vya Epstein-Barr, ambavyo pamoja na malaria huchangia saratani ya Burkitt kwa watoto wa kanda ya ziwa." Mwombe msimamizi athibitishe mpaka huo kwa maandishi. Barua inayosifu bidii na nidhamu yako, hata iwe tamu vipi, bado inakuonyesha mwanafunzi.

Jopo lilisema majibu yetu ya chembe T hayaaminiki. Damu tunaitoa vijijini asubuhi, tunaitenganisha maabara usiku. (Nakuru)

Jopo lina haki. Damu ikikaa zaidi ya muda wa saa 8 hivi, granulosaiti (chembe nyeupe za aina nyingine) huchangamka, hupungua msongamano na, wakati wa kutenganisha, hubaki kwenye tabaka la limfosaiti, zilimo chembe T, badala ya kuzama. Hapo hufifisha mwitikio wa chembe T. Msiiweke kwenye barafu, isafirishwe kwa nyuzi 18 hadi 22. Bora zaidi, pelekeni sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu ili itengane) kwenye kituo cha afya chenye stima ya uhakika kilicho karibu na wagonjwa.

Gandisheni chembe mlizotenganisha kwa DMSO (kemikali inayozilinda zisiharibiwe na barafu) ya asilimia 10, mkishusha nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha mhamishie chembe kwenye nitrojeni kimiminika ndani ya siku chache. Zikisahaulika kwenye friza kwa wiki kadhaa, zitakufa mkiziyeyusha. Tarajieni chembe milioni 1 hivi kwa kila mililita ya damu, na kwa mtoto aliyetolewa mililita 3, chagueni kipimo kimoja au viwili tu. Kwenye maombi, wekeni jedwali la kila sampuli: muda kutoka mshipani hadi kutenganishwa, na asilimia ya chembe hai baada ya kuyeyushwa.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) niombe sasa au nikishashinda? (Maseno)

Sasa. Idhini ya kamati ya maadili hutangulia, kibali hufuata. Sampuli zikivuka mpaka wa nchi, andaa pia mkataba wa kuzihamisha.

Niitaje chanjo ya malaria? (Siaya)

Itaje ikiwa swali lako linatoka hapo. Waamuzi wanajua kwamba chanjo hiyo, RTS,S, ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019. Waambie kwa nini unadhani kingamwili hushuka haraka baada ya dozi, na ni chembe zipi utakazopima, lini, kwa watoto wangapi.