Ukitoka Kisumu asubuhi, omba upande wa dereva

Wengi wetu tukikata tiketi ya basi la Nairobi huuliza nauli na saa ya kuondoka, kisha tunakubali kiti chochote. Mimi huuliza upande kwanza. Ni kama kilomita 350 hizo, na jua la dirishani halina huruma.

Ukiwa kwa karani, usiseme kulia wala kushoto. Ramani ya viti iliyo mbele yake huenda imegeuzwa, na kulia kwake kukawa kushoto kwako. Sema "upande wa dereva" au "upande wa mlango", hapo hamtapotezana. Nambari nazo usizitegemee sana: kiti kilicho dirishani katika basi moja, katika jingine kiko kwenye njia.

Kwa basi la asubuhi kutoka Kisumu, omba upande wa dereva. Kweli, utakosa milima ya Nandi, ambayo inakaa upande wa mlango mnapokata mashamba ya mpunga ya Ahero. Chai ya Kericho iko pande zote mbili, kwa hiyo hapo hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Kati ya Kericho na Mau Summit barabara inageukia kaskazini-mashariki na jua linakuja upande wako. Vuta pazia, vumilia.

Malipo yako yanaanza baada ya Nakuru. Ziwa Elementaita linatokea kulia, na ng'ambo yake kile kilima kilichokaa kama mtu amelala chali. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, lakini utashangaa jinsi abiria wa upande wa mlango wanavyolipita wakitazama simu. Mbele zaidi, mlima Longonot nao uko upande huo huo, mpite Mai Mahiu au barabara ya juu. Kufikia saa hizo jua liko utosini, halimchomi mtu wa upande wowote.

Kurudi ni hesabu nyingine. Ukitoka Nairobi asubuhi, mandhari yote hayo yamehamia upande wa mlango na jua liko kwa wenzako wa upande wa dereva. Kaa mlangoni ufaidi. Huko pia ndiko wachuuzi wanakokimbilia na mahindi ya kuchoma, nawe hutalazimika kupitisha pesa juu ya kichwa cha mtu. Ukitoka saa saba mchana, upande huo huo unakuwa jiko. Jua la magharibi litakuandama mpaka Nakuru na zaidi. Mimi ningevumilia kwa ajili ya Elementaita, lakini ukisafiri na mtoto mchanga au mzee, kaeni upande wa dereva, ziwa mtaliona siku nyingine.

Usiku mandhari hayapo. Chagua upande wa mlango, maana mwanga wa malori yanayopanda kutoka Salgaa unampiga usoni aliye upande wa pili.

Upande wowote utakaopata, epuka kiti kilicho juu ya tairi la nyuma, magoti yatafika kidevuni. Na ukishalipia dirisha, fika mapema. Abiria akishalikalia na kulala, kumtoa hapo ni kesi.