Kaka anasema bora afe: je, ni imani haba?

SWALI: Kaka yangu, miaka 34, alitengana na mkewe miezi miwili iliyopita, na watoto wakaondoka na mama yao. Sasa anasema bora afe. Ijumaa haendi tena msikitini. Wazee wanataka aoe haraka, na wanadai mwenye imani hawazi kujiua. Ni kweli?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Si kweli, na kauli hiyo inaumiza.

Aliyetengana, aliyeachika au aliyefiwa na mwenzi yuko katika hatari zaidi ya kujiua kuliko aliye kwenye ndoa, hasa mwanamume, na hasa miezi ya mwanzo. Lakini kinachokinga si cheti cha ndoa. Ni yule mtu anayeuliza “umekula?” na kugundua kwamba hukulala. Ndoa ya kipigo na matusi huzidisha mawazo ya kujiua, kwa hiyo kumwozesha harakaharaka si dawa.

Na dini? Utafiti mmoja wa Marekani ulifuatilia wauguzi wanawake karibu 90,000, kuanzia 1996 hadi 2010. Vifo vya kujiua kwa waliokwenda ibadani kila wiki vilikuwa pungufu takriban mara tano kuliko kwa wasiokwenda kabisa. Hata hivyo, muumini naye huwaza kufa. Ukimwambia ana imani haba, atakunyamazia, nawe hutajua lini amezidiwa.

Leo hii keti naye faragha, umuulize waziwazi: “Kaka, unafikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo, wengi hushusha pumzi kwa kuulizwa. Usibishane naye wala usiapie siri. Uliza kama amepanga namna na siku. Sumu za shambani zitoke nyumbani kabisa, zikafungiwe kwa jirani. Dawa za hospitali shika wewe, umpe dozi ya siku tu. Pombe isikae karibu naye.

Akiwa ana mpango, asibaki peke yake hata kidogo: mpelekeni hospitali, hata usiku. Familia nyingi huogopa polisi kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kosa. Mwelezeni daktari yote. (Walioko Kenya wapige 1199, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, bila malipo.)

Ijumaa, mwombe rafiki wa safu yake ampitie waende pamoja. Watoto nao wampigie simu kila jioni, saa ileile, ili awe na sauti anayoisubiri.